Goti la Toleo la Kumi na Mbili

Nina kitendawili nipendacho kumtegea kila mgeni: ninao wawili, mmoja hulala nami kitandani, mwenzake hulala amesimama nyuma ya mlango. Wageni hujibu mume na mlinzi, nami huwaacha wacheke kwanza. Jibu ni miguu yangu. Wa kulia nilizaliwa nao. Wa kushoto ulitengenezwa karakana anakofanya kazi mjukuu wangu, na nikienda kulala nauvua nausimamisha pale kama mwavuli.

Asubuhi ile niliuvaa mapema kuliko kawaida kwa sababu ya nyayo. Mtu alikuwa anatembea jikoni, kutoka karo hadi dirishani, kutoka dirishani hadi karo. Nikamkuta mjukuu wangu ameshika kikombe cha chai kilichokwisha kupoa, sukari imekaa chini haijakorogwa.

"Mke mwenza," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita tangu babu yake yu hai, "hiyo chai unaipeleka wapi?"

"Popote, Bibi."

"Basi kaa."

"Nikikaa nasimama tena."

Kweli akakaa, na kweli akasimama. Kazini wanamwita Nukta, kwa kuwa hawezi kuona namba akaiacha bila nukta na namba nyingine ndogo mbele yake. Kazi yake ni kutunza michoro. Hachori, wachoraji wapo. Yeye huitunza katika kanzidata, yaani ghala lililomo ndani ya kompyuta, ambamo kila kipande cha mguu, tangu unyayo hadi skrubu iliyo ndogo kuliko punje ya mchele, kina mchoro wake. Na mchoro haukai ulivyo. Leo mhandisi anataka chuma kipungue unene, kesho mkereza analalamika kwamba tundu halifikiki kwa mashine yake, basi mchoro unabadilika. Sheria yao ni moja: wa zamani haufutwi. Unabaki na namba yake, mpya unapewa namba inayofuata, na pembeni pana kisanduku cha kuandika nani amebadilisha, lini, na kwa sababu gani. Kila badiliko wanaliita toleo.

Hilo halikunipa shida kulielewa. Nimeshona nguo miaka thelathini, na kuna mteja mmoja ambaye vipande vya karatasi vya kukatia gauni lake nilikuwa navyo mafungu manne, maana alikuwa mtu wa kunenepa na kukonda bila kutoa taarifa. Nikikata kwa fungu lisilo lake la mwaka ule, nimeharibu kitambaa.

"Jana kuna mtu ameanguka," mjukuu wangu akasema, uso ameuelekeza dirishani.

"Wapi?"

"Palepale kwetu, chumba cha kujaribia. Mama mmoja mwokaji mikate, alikuja kuchukuliwa kipimo cha soksi ya kuvalia mguu tu. Akainuka kwenye kiti, goti likakunjika lenyewe. Ameumia kiwiko. Alicheka, lakini sisi hatukucheka."

"Goti limevunjika?"

"Halikuvunjika. Mkuu wa karakana alilifungua mbele yetu. Springi ni nyembamba, Bibi. Nusu milimita. Kwa macho huwezi kuona, urefu ni uleule, rangi ileile. Mpaka uipime."

Nikaweka kikombe changu chini. Mkono ukaenda wenyewe kwenye goti langu la kushoto, juu ya kanga, pale springi inapokaa. Kwa maana springi nyembamba nilikuwa naijua. Ilikuwa yangu.

Miezi mitatu nyuma nilikuwa nimechoka na goti langu. Lilikuwa zuri kwa kutembea, lakini nikitaka kuinuka kwenye kigoda, lilinisukuma kama mbuzi anayekataa kamba. Nikalalamika asubuhi na jioni. Mjukuu wangu akavumilia wiki, ya pili akasema, "Haya, Bibi, nitakutolea tawi." Tawi ni hivi: unachukua mchoro wa goti zima kama ulivyo, wakati ule lilikuwa toleo la kumi na moja, unaunakili pembeni, halafu unacheza na ile nakala bila kugusa shina. Akaipunguza springi hadi ikamfaa mtu wa kilo arobaini na saba, ambaye ni mimi. Mkereza akaikunja moja wakati wa mapumziko. Nilipoivaa niliinuka kigodani kimya kimya, kama mtu aliyeitwa kwa heshima. Nikajisifia goti hilo mtaa mzima. Kwenye kisanduku cha sababu mjukuu wangu aliandika neno moja: "jaribio". Hakuandika ni la nani.

"Ilifikaje kwa mwokaji mikate?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia ndogo.

"Kifuniko." Sasa alikuwa anazungumza haraka, akitembea. "Mwezi uliopita tulibadilisha kifuniko cha goti, kisiingize vumbi. Nilikijaribu kwako kwanza, si unakumbuka? Kwa hiyo kilikuwa kwenye tawi lako. Mkuu akasema kifuniko kimekubalika, kilete kwenye shina, kiwe toleo la kumi na mbili. Nikakileta. Nikakiangalia kifuniko mara tatu, kila tundu, kila kona. Springi sikuiangalia, kwa sababu sikujua kama imefuatana nacho. Imekuja kama chawa kwenye shuka."

"Na yametengenezwa mangapi?"

"Kumi na tisa. Yote yameshatoka."

Akaeleza kwamba jana ileile, kwa tahadhari tu, mkuu alikuwa ameagiza springi nene iandikwe upya, mchoro ukawa toleo la kumi na tatu, na kuanzia sasa magoti yatakuwa sawa. Kilichobaki ni swali: ile nyembamba iliingiaje, kwa mchoro au kwa waya mbovu wa kiwandani, na ni goti moja au yote. Alikuwa ameagizwa apeleke historia yote ya toleo la kumi na mbili saa tatu asubuhi hii.

"Na historia inasema nini?"

"Inasema jina langu, Bibi. Mara mbili."

Saa ya ukutani ilikuwa saa moja na nusu. Akaacha kutembea, jambo ambalo lilinitia wasiwasi kuliko kule kutembea.

"Nina ufunguo," akasema polepole. "Matawi ya majaribio yaliyokwisha kazi huwa nayafuta mimi kila mwisho wa mwezi, ni usafi wa kawaida. Naweza kulifuta lako. Naweza kuiondoa kumi na mbili, kumi na tatu ikashuka ikachukua namba yake. Haichukui dakika nne. Itaonekana kama kiwanda cha waya kilituletea springi mbovu."

"Futa," nikasema.

Sitajipamba. Nililisema bila kumeza mate. Nilimwona amefukuzwa kazi, amekaa kwenye kiti kile na mikono yake imekosa cha kushika, na yote kwa sababu mimi nilishindwa kugombana na kigoda.

Mjukuu wangu alinitazama kama mtu aliyeomba ruhusa, akapewa, akaikataa mwenyewe.

"Bibi, yale magoti yana namba. Imeandikwa: goti namba fulani, la mtu fulani, limetoka toleo la kumi na mbili. Nikifuta, kumi na mbili itakuwa mchoro mzuri. Maandishi yatasema wote wako salama. Hakuna atakayekwenda kuwatafuta."

Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio unakwaruza saruji. Nikausikiliza ufagio ule muda mrefu kuliko ulivyostahili.

"Wazito ni wangapi?" nikauliza.

"Wengi wepesi, wengine wa kati. Mama mwokaji ni mzito. Na mmoja fundi mwashi, kilo tisini na mbili."

"Mwashi wa chini au wa juu?"

"Wa juu," akasema. "Anajenga ghorofa."

"Vaa viatu."

"Mimi nakwenda, Bibi. Wewe hukuitwa."

"Goti langu limeitwa," nikamwambia. "Na haliendi peke yake."

Karakana ina ukumbi mrefu ambamo miguu hutundikwa kwa kulabu, mikubwa kwa midogo, na mgeni akiingia kwa mara ya kwanza huwa hajui atazame wapi. Mwisho wa ukumbi ndipo ofisi ya mkuu. Wenyewe wanamwita Bwana Taratibu. Ni mtu ambaye ukimsalimia asubuhi unaweza kupata jibu mchana. Siku nyingine nampenda kwa hilo. Siku ile nilitamani nimtekenye.

Mjukuu wangu hakukaa. Aligeuza kompyuta imwelekee mkuu, akamwonyesha shina, tawi, na mahali tawi liliporudi shinani. "Hapa ni mimi," akasema. "Na hapa ni mimi."

Bwana Taratibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma. "Nani aliangalia kabla halijapita?"

"Mimi mwenyewe."

"Hili jaribio, nani aliliomba?"

"Mimi," nikajibu kutoka mlangoni.

Akainua macho. "Na wewe mama ni nani?"

"Ushahidi," nikasema, nikalipiga goti kofi. Likalia ting, springi nyembamba haina siri.

Hakucheka, ila shavu lilimcheza. Akavuta daftari la simu. "Ya kwako tutayazungumza," akamwambia mjukuu wangu. "Piga simu kwanza."

Wakagawana orodha, yeye na mkuu na dada wa mapokezi, kila mtu kona yake, maneno yaleyale: usilitumie hilo goti leo, tumia mkongojo, tunakuja. Mimi nilikaa, nikasimama, nikahesabu miguu ukutani, nikakosea, nikaanza upya. Kufika saa nne na nusu walikuwa wamepatikana kumi na saba. Mmoja aliwagombeza, mmoja aliuliza kama atapata la rangi nyingine. Na mama mwokaji tulikuwa tunajua aliko, nyumbani na kiwiko chake. Akabaki mmoja.

Simu ya fundi mwashi ilikuwa inaita. Inaita hadi inakata. Mjukuu wangu alipiga mara kumi na moja. Najua kwa kuwa alikuwa anataja namba kila mara, kama anaipa toleo.

"Kazini hawaweki simu mfukoni," dada wa mapokezi akasema. "Wanaiacha kwenye koti."

Kwenye kumbukumbu ya siku aliyovishwa goti, paliandikwa mahali anapofanya kazi: jengo la ghorofa nne nyuma ya gereji ya mabasi. Tukapanda gari la karakana, Bwana Taratibu usukani. Aliendesha kama aliyebeba trei ya mayai mapajani. Kila taa ilitukuta, na zile ambazo hazikutukuta alizisubiri.

"Mkuu," mjukuu wangu akasema, "kuna gia ya nne kwenye gari hili."

"Ipo," akajibu. "Bado hatujaihitaji."

Tulimwona kabla gari halijasimama. Alikuwa jukwaa la tatu, juu ya mbao mbili, ametugeuzia mgongo, anachota chokaa na kuitupa ukutani kwa mwiko, pa, pa, pa, na kila akichota aliinama kidogo kwa goti la kulia na la kushoto likimfuata. Lile la kushoto ndilo letu. Upande aliokuwa anainamia haukuwa na kizuizi, ila kamba moja ya katani.

Mjukuu wangu akafungua kinywa kumwita. Nikamshika mkono.

"Ukimwita atageuka," nikamwambia. "Atageuka kwa goti gani?"

Akafunga kinywa. Msimamizi wa jengo akatujia ametanua mikono kama anayefukuza kuku: hamna kofia, hamna ruhusa, huyu bibi anatafuta nini hapa. Bwana Taratibu akaanza kumweleza, na nikaona kabisa kwamba tutafika adhuhuri hajamaliza sentensi. Mjukuu wangu alikwishaikanyaga ngazi, msimamizi akamvuta. Ngazi ile ikitikisika, akasema, mbao zote zinatikisika.

Hapo ndipo mjukuu wangu alipoiona ndoo. Ilikuwa inashuka kwa kamba kutoka jukwaani, tupu, ije kujazwa chokaa. Mtu wa chini alikuwa ameshika sepetu anaisubiri. Mjukuu wangu akararua kipande cha mfuko wa saruji, akaandika kwa kalamu ya kuchorea vyuma, herufi kubwa, akakiweka ndani ya ndoo na jiwe juu yake. Nilisoma wakati ndoo inapanda: USIKUNJE GOTI LA KUSHOTO. KAA CHINI TARATIBU. NI SISI WA KARAKANA YA MIGUU.

Ndoo ikapanda. Nimewahi kusubiri mengi, majibu ya daktari, mtoto aliyechelewa kulia, lakini kamba ile ilikuwa na urefu wa peke yake. Fundi akaivuta bila kutazama, akaingiza mwiko, mwiko ukagonga jiwe. Akatazama. Akasoma. Akasoma tena, midomo inacheza. Halafu akashika nguzo kwa mikono miwili, akanyoosha mguu wa kushoto mbele yake kama mtu anayeota moto, akakaa juu ya mbao. Ndipo akatuchungulia.

"Mmekuja na gari zima kwa ajili ya goti?" akauliza kutoka juu.

Alishuka ngazi kwa makalio, kidato kwa kidato, huku wenzake wakimtania kwamba leo bwana harusi anashushwa. Alipofika chini mjukuu wangu alikuwa amepiga magoti tayari, bisibisi mkononi, anafungua kile kifuniko kizuri kisichoingiza vumbi.

Ndani mlikuwa na kitu kisichokuwamo kwenye mchoro wowote. Springi ilikuwa imezungushiwa mpira mweusi, umefungwa kwa waya wa kufungia nondo.

"Hiki nini?" mjukuu wangu akauliza.

"Tyubu ya baiskeli," fundi akasema, kama anayeulizwa jina la mtoto wake. "Siku ya kwanza hilo goti lilikuwa na adabu kupita kiasi. Nikikanyaga, linainama. Nikalitilia mpira, likapata kichwa kigumu."

"Kwa nini hukuja kutuambia?"

"Nije kusema nini? Mlisema ni toleo jipya. Nikadhani ndivyo mlivyolitaka."

Bwana Taratibu akainama, akauvuta ule mpira kwa kidole. Ulikuwa umekatika zaidi ya nusu. Chuma kilikuwa kimeula kutoka ndani. Alijaribu kuuvuta mara ya pili ukabaki mkononi mwake vipande viwili. Fundi akavitazama vipande, kisha akaitazama kamba ya katani kule juu, na utani ukamwisha. Akaomba maji ya kunywa.

Mjukuu wangu akatoa kipimo chake cha chuma, akapima unene wa mpira, milimita mbili na nusu, akaandika mgongoni mwa mkono. Namba aliiandika sawa, na nukta yake.

Fundi alirudi nasi karakana akavishwa goti la toleo la kumi na tatu jioni ileile. Kisha Bwana Taratibu akanyoosha kiganja juu ya meza.

"Ufunguo," akasema.

Mjukuu wangu akampa. Hakufukuzwa. Aliambiwa atabaki na michoro, lakini kufuta na kurudisha matawi kutafanywa na watu wawili, na watu hao watatazama kila kipande kilichotofautiana, hata kama kilichoombwa ni kifuniko tu. Ufunguo atarudishiwa lini, mkuu hakusema. Alipouliza, aliambiwa, "Bado najua jibu la leo tu."

Halafu akanigeukia mimi. "Mama, na la kwako."

"La kwangu halijamwangusha mtu."

"La kwako halina namba. Likikatika kesho, sitajua nikuletee nini."

Nililivua kwa shingo upande. Wamesema springi ya watu wepesi ni wazo zuri, wataijaribu ipasavyo, ipewe jina lake na namba yake. Mpaka hapo nimerudishiwa kumi na moja. Yule mbuzi.

Siku iliyofuata mjukuu wangu alirudi mapema, akaingia jikoni na viatu. Alitembea hadi karo, mimi nikatembea hadi dirishani, tukapishana katikati.

"Kitendawili, Bibi."

"Tega."

"Alitoka peke yake kwa siri, akarudi na wenzake kumi na tisa."

"Springi yangu."

"Umejibu haraka mno."

"Nilikuwa nimeikalia miezi mitatu."

Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu juzi, kisha akaniambia alichofanya. Tawi langu halikufutwa. Limefungwa tu, mtu anaweza kuliona lakini hawezi kulitumia. Kwenye kisanduku cha sababu, chini ya lile neno "jaribio" ambalo haliwezi kuondolewa, ameongeza: "Bibi yangu alikuwa anapata shida kuinuka kigodani. Nilimpunguzia springi, sikumwambia mtu. Ikafuatana na kifuniko. Fundi mwashi aliitilia tyubu ya baiskeli ya milimita mbili na nusu, ndiyo iliyomshikilia." Bwana Taratibu alimwambia sababu ni ndefu mno, aandike kwa ufupi.

"Ukafupisha?"

"Sikufupisha."

Nikataka kumkumbatia, nikainuka kwenye kigoda, na mbuzi akanisukuma hadi chai ikamwagikia kanga. Mjukuu wangu akachukua kitambaa akafuta, akauliza kama nimeungua. Sikuungua. Nikakaa tena, kisha nikasimama kuona kama safari hii atanisukuma. Akanisukuma. Wamesema nisubiri toleo, nami nasubiri, ila kukaa ndiko kumenishinda.